Si Kila Kizunguzungu ni Malaria

Wadogo zangu wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, nanyi wa Malaba na Tororo, leo nina neno na wale ambao kazi yao haina paa: wabeba magunia wa mpakani, wasukuma mikokoteni, waponda kokoto wa Tororo, wachimba dhahabu wa Tiira, na watu wa boda, kazi iliyozaliwa hapahapa kwetu, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Kinachonisumbua ni hiki. Mtu amebeba mizigo tangu asubuhi. Ikifika saa saba kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, miguu imelegea. Anasema, "Malaria imerudi." Anapita dukani, anameza vidonge, anarudi juani. Simlaumu. Kabla ya nyumba kuanza kupuliziwa dawa mwishoni mwa 2014, Tororo ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye maambukizi makali ya malaria kuliko kwingi duniani, na sote tumekua tukiita kila homa kwa jina hilo. Lakini dalili hizohizo ndizo za mwili uliozidiwa na joto. Dawa ya malaria haitibu jua. Paracetamoli nayo haiteremshi joto linaloletwa na kazi na jua. Na zile za mgongo mnazopenda, diklofenaki na aibuprofeni, zinaweza kuziumiza figo za mtu aliyepungukiwa na maji.

Kwa hiyo dalili zikianza, tua mzigo kwanza. Kaa kivulini, legeza nguo, jimwagie maji kichwani, shingoni na kwapani, kunywa taratibu. Aliyechoshwa na joto kwa kawaida huanza kupata nafuu ndani ya nusu saa. Usipopata nafuu, nenda kituo cha afya. Na homa ikirudi hata baada ya kupumzika, kapime malaria, usikisie.

Kuna hali nyingine ya kutisha zaidi. Mwenzenu anaanza kuropoka, anayumba, hajui aliko, na watu wanacheka kwamba amelewa. Msicheke! Huenda joto la mwili limepita nyuzi 40, na ubongo unaumia. Msingoje jasho likauke, maana mtu wa kazi nzito anaweza kufikia hapo akiwa bado amelowa jasho. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la hospitali. Akiwa amezimia au amechanganyikiwa, msimnyweshe kitu, atapaliwa.

Tusifike huko. Kunywa kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika 20 hivi, kiu iwepo isiwepo, lakini usizidishe lita 1.4 hivi kwa saa. Chumvi mtaipata kwenye chakula, basi msiruke chakula cha mchana. Malwa ya jioni naujua utamu wake, ila pombe hutoa maji mwilini. Ukiamka mkojo una rangi ya chai ya rangi, maji yatangulie gunia.

Dada zangu waponda kokoto, nanyi mnaovusha nyanya na samaki, najua kwa nini hamnywi. Choo hakuna, au kipo na ni cha kulipia, kwa hiyo mnajinyima maji tangu alfajiri. Inaniuma sana, hasa kwa walio na mimba. Msimamizi anayekula kwa jasho lenu anawajibika kwa choo, maji ya kunywa na turubai la kivuli. Mdaini pamoja, mmoja akienda peke yake ataambiwa kesho asije.

Najua pia mnalipwa kwa gunia au kwa debe, na kupumzika ni kupoteza hela. Basi hamisheni saa. Anzeni kunapopambazuka, kazi nzito iishe kabla ya saa tano, mrudi baada ya saa tisa. Kwa lori lisilongoja saa, pokezaneni: wawili wanabeba, wawili wako kivulini. Na kijana mgeni aliyefika jana msimpe mzigo wa mzoefu. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya juani, na siku za kwanza ndizo zinazoua zaidi. Ajabu ni kwamba ndizo siku ambazo kila mtu anataka kujionyesha.

Kesho kabla hamjaanza, kila mmoja achague mwenzake wa kumtazama. Kazi ikiendelea, muulize jina lake, siku, na magunia mangapi yamebaki. Akijibu ovyo, mketishe kivulini, mmwagieni maji, na gari la hospitali litafutwe. Na wewe ukiambiwa "keti", keti, hata kama yamebaki mawili tu.