Guverneri Tippu Tip: alitawala kwa faida ya nani?



Tangu mwaka 2015 Kamina ni muji mukubwa wa jimbo la Haut-Lomami, na tuko na guverneri. Mutoto mumoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: «Yaya, guverneri njo nani?» Nikamujibu: «Mukubwa wa jimbo.» Jibu lile halikutosha. Tujifunze basi maisha ya guverneri mumoja wa zamani mu inchi yetu.

1. Maisha yake. Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Jina Tippu Tip, yeye mwenyewe alisema, ni mulio wa bunduki zake. Alitafuta pembe za tembo kwa biashara na kwa vita, na watumwa walizibeba mpaka pwani. Alipita mu inchi ya Waluba, kisha akakaa Kasongo, mu Maniema. Mwaka 1876 alisindikiza Stanley kwenye muto Lualaba.

2. Kazi yake. Mwaka 1886 Waarabu walishambulia kituo cha Leta kule Stanley Falls (leo Kisangani), na Leta ikapoteza kituo. Mufalme Leopold II hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Njo maana mwaka 1887, kule Zanzibar, Stanley alifanya mapatano na Tippu Tip kwa jina la mufalme: awe guverneri wa Stanley Falls, alipwe paundi 30 kila mwezi, apandishe bendera ya Leta, na azuie biashara ya watumwa. Kumbe mwenye kuuza watu alipewa kazi ya kuwalinda!

3. Mwisho. Mwaka 1890 aliondoka kurudi Zanzibar. Mwaka 1892 Leta na Waarabu wakaanza vita. Mutoto wake Sefu akauawa 1893. Leta ilishinda, lakini watu hawakupumzika: walilazimishwa kutafuta mupira kwa fimbo na bunduki. Tippu Tip alikufa mwezi wa Juni 1905. Aliacha habari za maisha yake, zimeandikwa kwa Kiswahili.

Funzo. Leopold alimuchagua kwa kuwa alimuogopa. Yeye alikubali kwa ajili ya pembe. Watu wa Lualaba, hakuna aliyewauliza.

Na mimi kapita wenu? Juma lililopita nilifuta jina la rafiki yangu mu orodha ya waliochelewa. Wadogo wa mwaka wa kwanza walifyeka majani, yeye hapana. Leo nimelirudisha jina lake, na langu chini yake. Kesho tutafyeka wawili.

Maulizo:
1. Leopold alipata faida gani? Na Tippu Tip?
2. Mukubwa wa darasa lako anafanya kazi kwa faida ya nani?