Jifunze: Kuhamisha Mfumo wa Raspberry Pi Kutoka Kadi ya Memori Hadi SSD

Msimu mkuu wa kahawa Meru na Embu huja pamoja na mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Ni wakati ambao mizani ya kiwandani haipumziki, na stima nayo inaweza kupotea wakati wowote. Chukulia kiwanda kinachoweka kilo za kila mkulima kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja kama Raspberry Pi. Kadi ya memori ikiharibika, rekodi za malipo ya msimu mzima zinaweza kupotea nayo.

Kadi huchakaa kwa sababu chembe zake za kuhifadhi data huandikwa na kufutwa kwa idadi fulani tu ya mara. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, faili zinaweza kuharibika. Diski ya SSD pia huchakaa, lakini husambaza uandishi vizuri zaidi, hivyo kwa kawaida hudumu zaidi na ina kasi kubwa.

Hatua za kufuata kwa Raspberry Pi 4 (iliyotoka 2019) au 5 (2023):

1. Nakili rekodi zote muhimu kwenye flashi na uiweke kando.

2. Sasisha programu ya kuwasha bodi kwa amri sudo rpi-eeprom-update -a, kisha uwashe kompyuta upya. Bodi za 4 za mwanzo haziwezi kuwaka kwa USB bila hatua hii.

3. Chomeka SSD kwenye tundu la USB la buluu. Hakikisha haina kitu unachohitaji, kwa kuwa kila kilichomo kitafutwa.

4. Simamisha uandikishaji wa kilo. Fungua programu ya SD Card Copier, chagua kadi kama chanzo na SSD kama kikomo, kisha uanze kunakili.

5. Zima kompyuta kwa utaratibu, chomoa umeme, toa kadi, kisha uwashe tena.

6. Andika amri findmnt /. Ukiona sda2, mfumo unatumia SSD. Ukiona mmcblk0p2, bado unatumia kadi.

Kompyuta ikizimikazimika, kagua chaja kwanza. Raspberry Pi 4 huhitaji volti 5 na ampea 3. Raspberry Pi 5 hushauriwa ampea 5, hasa ikiwa na diski.

Kadi ya zamani isiuzwe wala kugawiwa ovyo. Ina majina na hesabu za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa hizo kuzilinda. Ifungiwe kabatini hadi SSD ithibitike kufanya kazi, kisha ifutwe.

Hata hivyo, SSD si nakala ya akiba. Viwanda, shule na vikundi vinashauriwa kunakili rekodi kila jioni na kuweka nakala hiyo mahali pengine.