Mtoto akiharisha, shika kijiko

Kabla hujachana pakiti ya ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini), tafuta chupa ya lita moja. Pakiti nyingi zinazouzwa kwetu ni za lita moja ya maji safi, ingawa zipo za nusu lita, kwa hiyo soma kwanza. Ukikoroga pakiti nzima kwenye kikombe cha chai, chumvi inazidi na itamdhuru mtoto. Ukijaza chupa ya lita moja na nusu, umeizimua dawa. Yanayobaki baada ya saa 24, mwaga.

Kazi hasa iko kwenye kijiko. Mtoto mwenye kiu atagugumia kikombe kizima, atatapika chote kwenye kanga yako, na bibi atasema dawa imemkataa. Haijamkataa. Subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja, tulia, mpe kingine. Inachosha, hasa saa nane za usiku. Kwa wa chini ya miaka miwili nalenga mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, yaani robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi, mara mbili ya hapo. Kijana wangu wa sekondari anajinywea mwenyewe huku akilalamika kwamba yana chumvi kama machozi. Chumvi isizidi hapo tu.

ORS haikatishi kuhara papo hapo, inarudisha kilichopotea. Glukosi iliyomo huvusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo na maji yakafuata, hata utumbo ukiwa umechafuka. Asiyelijua hili hukata tamaa jioni hiyo hiyo na kukimbilia duka la dawa, ambako si ajabu akauziwa antibiotiki ambayo kuhara kwa kawaida hakuihitaji. Cha kuulizia pale ni vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakuwa kigumu. Kwa mtoto mchanga, kidonge nakiyeyusha kwenye maziwa ya mama. Kunyonya kuendelee, na anayekula aendelee kula.

Halafu kuna la meno. Mtoto wa miezi saba akiharisha, utaambiwa anaota meno. Mbona umri huo ndipo anapookota kila kitu sakafuni na kutia mdomoni? Wapo hata wanaoshauri akang'olewe "meno ya plastiki". Kinachochimbuliwa pale ni meno yake mwenyewe ambayo hayajaota, na hapo simsikilizi mtu, awe shangazi au jirani.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, hakojoi, anatapika kila kitu, au amelegea hata kunywa hawezi. Finya ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu, uiachie. Ikibaki imesimama badala ya kurudi mara moja, maji yamempungua sana. Mbebe na kadi ya kliniki: uzito wa mwisho ulioandikwa mle wataulinganisha na wa leo kujua amepoteza kiasi gani. Njiani kwenye bajaji, kama anameza, endelea kumnywesha.