Kamera Mpya na Nyuso Zetu Kwenye Theluji

Naandika kutoka maabara ya chini, kule ambako simu hazishiki mtandao. Mhariri aliniomba niandike kitu cha kiufundi, akaongeza haraka: "Lakini kisiwe cha zege tena." Basi nimeona nitoe somo dogo la kamera, maana nimenunua mpya na imeshaniaibisha mbele za watu.

Najua mtauliza, simu unayo, kamera ya nini? Swali zuri. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja, zikazichanganya na kuzirekebisha kabla hujaziona, kwa hiyo hata ukikosea zinakusitiri. Mimi nilitaka chombo ambacho nikikosea, kosa nilione. Nikadunduliza posho ya kufundisha maabara kwa miezi minane.

Kitu cha kwanza nilichohisi ni uzito. Simu unaishika kwa vidole. Hii unaikumbatia kwa kiganja, na mkono wa kushoto lazima ubebe lenzi kwa chini, la sivyo inainamia mbele. Kuna gurudumu chini ya kidole gumba, jingine mbele, na menyu yenye kurasa nyingi kuliko tasnifu yangu. Kama fundi yeyote, kitabu cha maelekezo sikukifungua.

Januari dada yetu mmoja hapa Uingereza alikuwa anahitimu shahada ya uzamili. Wazazi wake, walioko Tanga, hawakupata viza. Mpiga picha ni mimi. Usiku ule theluji ilikuwa imeanguka, uwanja wote mweupe pee, na sisi tukasema hapohapo ndipo pazuri. Nikapiga picha kama sitini hivi. Saa nane na nusu mchana tukakaa mgahawani, nikafungua kompyuta. Jamani! Theluji ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni, na uso wa mhitimu umebaki kivuli chenye meno. Akaitazama kwa muda, akasema taratibu, "Kaka, hii ndiyo ya kumtumia mama?"

Joho lilikuwa la kukodi, mwisho wa kurudisha saa kumi, na jua la Januari huku huzama karibu saa hizohizo. Hapo ndipo nilipokumbuka kitabu cha maelekezo.

Tatizo lenyewe ni hili. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kisha kinachukulia kwamba wastani wa picha ni kijivu cha kati, ambacho wapiga picha kwa desturi hukihesabu kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Waliosoma udhibiti wa mitambo wataielewa haraka: kuna thamani lengwa, na mtambo unasukuma kila kitu kuielekea. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi. Kamera ikaona mwanga umezidi, ikaukata mpaka theluji ikawa kijivu. Uso wa dada, ambao haukuwa na mwanga wa ziada wowote, ukakatwa pamoja nayo. Kamera za kisasa huigawa picha vipande vingi, na nyingine hutambua uso, lakini weupe ukijaza robo tatu ya picha bado zinaweza kudanganyika.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika kamera, hatua moja ya mwanga ni kuuzidisha au kuugawa kwa mbili. Ndiyo maana kasi za shata huenda 1/125, 1/250, 1/500, takriban nusu kila mara. Tundu la lenzi nalo huenda f/4, f/5.6, f/8, namba ikikua tundu linapungua, kwa kuwa namba hiyo ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Sasa 18 mara mbili ni 36, mara mbili tena ni 72. Kutoka kijivu hadi theluji ni hatua mbili na kidogo. Kumbe dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ongeza hatua moja na nusu hadi mbili, kisha angalia histogramu, ule mchoro wa milima. Mlima wa theluji uende kulia bila kugonga ukuta, maana weupe uliogonga ukuta haurudi tena.

Kuna mtego wa pili, kinyume chake. Ukipima mwanga kwa nukta moja tu kwenye uso mweusi, kamera itaona giza na kuongeza mwanga, na mtu atatoka kama aliyepakwa unga. Hapo unapunguza, mara nyingi kama hatua moja, kutegemea ngozi yenyewe.

Nyuso zetu zina historia ndefu kwenye mambo haya. Enzi za filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliandika mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliolalamika Kodak kuhusu rangi za kahawia zilizopotea walikuwa watengenezaji wa samani na chokoleti. Meza na chokoleti, wasomaji wenzangu.

Turudi uwanjani. Tulikimbia, joho limeshikwa mkononi. Betri ilikuwa inaishiwa nguvu kwa baridi. Niliitoa nikaipasha kwapani, ikakubali tena (siku hizi nabeba ya akiba mfuko wa ndani). Nikaongeza hatua moja na nusu, nikawasha faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW kwenye menyu, kwani zina nafasi kubwa ya kurekebisha baadaye. Picha kumi na mbili tu. Joho lilirudi saa kumi kasoro dakika tatu.

Jioni mama akajibu kwa sauti, sekunde chache tu: "Mwanangu umekonda. Hivi huko mnakula?"

Anayetaka kuijaribu kamera anitafute, ila aje na glavu zilizokatwa vidole.