Pima Masafa ya Gridi Nyumbani, Lakini Anza na Saa

Umeme wa gridi nchini Tanzania, Kenya na Uganda umepangwa kuwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde. Kwa kweli haukai hapo. Matumizi yakizidi uzalishaji, mashine za mitamboni hupungua kasi na masafa hushuka. Yakipungua, masafa hupanda. Haya yote unaweza kuyasoma mezani kwako.

Usalama kwanza. Usiunganishe kamwe waya wa soketi na bodi yako ya maikrokontrola (kama Arduino), hata kupitia resista. Tafuta adapta ya transfoma, ile nzito, ambayo kwenye lebo upande wa kutoa umeme pameandikwa AC 9V. Ukikuta DC, iache. Chaja ya simu haifai, kwa sababu hufuta mawimbi yaleyale unayotaka kuyapima. Na adapta yenyewe usiifungue.

Kama hata hiyo hutaki kuigusa, elekeza sensa ya mwanga kwenye balbu ya zamani ya waya. Mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo gawanya kwa mbili. Balbu nyingi za LED hulainisha mwanga, basi zijaribu kabla ya kuzitegemea.

Hakikisha pia soketi inapata umeme wa gridi. Ukipima nyumba inayoendeshwa na jenereta au inveta ya betri, unapima hiyo jenereta au inveta.

Sasa saa, na hapa usiwe na haraka. Unatafuta tofauti ndogo sana, kama kati ya 49.98 na 50.02. Saa ya bodi ikikosea, utadhani gridi ndiyo imekosea. Bodi nyingi za Arduino Uno hutumia resoneta ya kauri, ambayo inaweza kukosea hadi nusu asilimia. Hiyo ni robo hezi nzima. Muda wa intaneti nao ni mzuri kwa kuandika tarehe na saa kwenye rekodi, basi. Ucheleweshaji wa mtandao ukibadilika kwa milisekunde 5 ndani ya sekunde moja unayoipima, robo hezi nyingine imepotea.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria bodi ya gharama kubwa, nunua risiva ya GPS yenye pini ya PPS. Pini hiyo hutoa pigo moja kila sekunde, na risiva ikishika satelaiti, kosa la pigo hilo ni chini ya maikrosekunde moja. Ndani ya nyumba ya mabati utahangaika. Weka antena dirishani au barazani, mahali inapoona anga, na usiamini pigo lolote kabla risiva haijakuthibitishia kuwa imeshika satelaiti.

Saketi ya kuingizia mawimbi ni ndogo. Chukua transista ya BC547, fundi redio yeyote anaijua. Peleka waya mmoja wa adapta kwenye besi kupitia resista ya kilo-ohm 100, na waya wa pili kwenye ardhi ya bodi, pamoja na emita. Funga dayodi ya 1N4148 kinyumenyume kati ya besi na emita. Kolekta ivute juu hadi volti 3.3 kwa resista ya kilo-ohm 10, kisha iunganishe na pini ya bodi. Utapata mawimbi ya mraba ambayo bodi inayasoma bila tabu.

Kwenye programu, pima ukingo wa upande mmoja tu, unaopanda au unaoshuka, usichanganye. Mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwa hiyo ukingo unaokuja kabla ya milisekunde 15 ni kelele. Utupe.

Sasa tumia kaunta ileile ya bodi kupima vitu viwili: muda wa mizunguko 50, na muda kati ya mapigo mawili ya PPS. Zidisha 50 kwa hesabu ya PPS, gawanya kwa hesabu ya mizunguko. Kosa la saa ya bodi linajifuta lenyewe. Hii ndiyo sababu nasisitiza GPS: inaifanya bodi ya kawaida iwe kipimo cha kuaminika.

Hifadhi kila sekunde kwenye faili, kwa UTC. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Angalia jioni watu wanapowasha taa na majiko, na tafuta mporomoko wa ghafla wa sekunde chache: mara nyingi ni mtambo mkubwa umetoka kwenye gridi.

Jumlisha mizunguko ya siku pia. Wastani wa hezi 49.99 huchelewesha saa inayofuata gridi kwa sekunde 17 hivi kwa siku. Mwanzoni mwa 2018, upungufu wa umeme uliotokana na mvutano wa Serbia na Kosovo ulichelewesha saa za aina hiyo barani Ulaya kwa karibu dakika 6.

Ukishazoea, tafuta mwenzako wa kulinganisha naye. Unguja hupata umeme kwa nyaya za AC zinazopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kwa hiyo grafu yake na ya Dar es Salaam zinapaswa kufuatana. Njia ya kilovolti 400 ya Isinya hadi Singida nayo, ikiwa kazini, huunganisha Kenya na Tanzania. Addis Ababa usiitegemee, kwani njia inayotoka Ethiopia hadi Suswa ni ya DC, na DC haibebi masafa. Grafu zenu zikitofautiana mahali zilipopaswa kufanana, anzeni kukagua PPS ya kila mmoja kabla ya kugusa kitu kingine.