Sanduku la motokari: tubebe nini wakati wa mvua na wakati wa baridi

Mvua ya kwanza ikinyesha, mashofere wengi wanakumbuka kubadilisha mipira iliyokwisha na kutazama breki. Hiyo ni vizuri. Lakini ukiwauliza kuna nini ndani ya motokari cha kumsaidia mtu akiumia, wanakuonyesha kriki, na pengine triangle iliyovunjika mguu.

Katika nchi za theluji, kama Kanada, shofere anabeba blanketi, chakula na chombo cha kuchimba theluji, kwa maana motokari ikikwama usiku, baridi inaweza kumuua. Sisi hatuna theluji. Tuna mvua toka mwezi wa kumi ao wa kumi na moja mpaka wa nne, tuna vumbi na baridi ya usiku katika Juni na Julai, na tuna kamiyo za asidi. Basi sanduku letu lifuate hatari zetu.

Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kwa kupitia Fungurume na Likasi, ni kilometa 300 hivi. Kwa upande wa Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, matope peke yake yanaweza kukulaza njiani. Ajali ikitokea katikati, munganga yuko mbali. Msaada wa kwanza ni watu mlio pamoja na vitu mlivyobeba.

Kitu cha kwanza ni maji. Bidoni moja ya litiri 20, safi, yenye kifuniko kinachofunga vizuri. Maji hayo si ya radiatere. Ya radiatere yawe mbali, na ya kunywa yawe mbali tena. Usinunue bidoni iliyokuwa na asidi ao mazuti, hata kama bei yake ni ndogo.

Kwa nini maji mengi hivi? Tarehe 20 Februari 2019, karibu na Tenke, kamiyo iliyobeba asidi ya sulfuriki iligongana na bisi ya abiria. Watu karibu 20 walikufa, na wengine waliunguzwa na asidi. Asidi hiyo ndiyo viwanda vyetu vinatumia kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe, kwa hiyo kamiyo zake tutaendelea kukutana nazo kila siku. Tazama bamba la rangi ya chungwa nyuma ya tanki: namba 1830 chini yake maana yake ni asidi ya sulfuriki. Kaa mbali nayo, usiifuate kwa karibu wakati njia inateleza.

Ikimwagika, simama mbali, upande ambao upepo unatoka. Usikanyage maji ya mfereji: wakati wa mvua asidi inatembea pamoja nayo, na macho hayawezi kuitenganisha. Mtu aliyemwagikiwa, mtoe pale kama unaweza kumfikia bila wewe kuikanyaga. Mvue nguo, viatu na saa, huku unammwagia maji. Haya isiwe wakati huo; nguo iliyolowa asidi inaendelea kuunguza. Maji yawe mengi toka mwanzo, kwa maana maji kidogo juu ya asidi kali yanaleta moto. Endelea dakika 20 ao zaidi. Bidoni yako, ukiimwaga polepole litiri moja kwa dakika, inatosha dakika 20 kwa jicho ao mkono. Kwa mwili mzima haitoshi hata kidogo, kwa hiyo simamisha motokari zingine na kuomba bidoni zao.

Jicho lisafishwe toka upande wa pua kwenda nje, kichwa kikiinama upande wa jicho lililoumia, ili asidi isiingie katika jicho lingine. Usipake mafuta, maziwa, ndimu wala bikarbonati. Kwa chokaa kali ya viwandani ni tofauti kidogo: pangusa kwanza unga wote kwa nguo kavu, ndipo maji mengi.

Ndani ya sanduku weka glovu, bandeji pana, kompresi safi, makasi, plasta na kitambaa cha pembe tatu. Damu ikitoka sana, bonyeza kidonda kwa nguvu na kompresi, usiachilie kila dakika ili kutazama. Ongeza tochi na pili zake, blanketi, na karatasi yenye namba za simu za hospitali na za mkubwa wa kazi, kwa maana simu ikizimika namba zote zinapotea pamoja nayo. Sanduku likae karibu na kiti. Likiwa nyuma chini ya magunia ya unga, ni kama halipo.

Kwa matope: jembe, panga, kamba ngumu, na ubao wa kuweka chini ya kriki isizame.

Triangle iwekwe hatua mia moja nyuma, na kama umekwama baada ya kona, iweke kabla ya kona. Wengi wanatumia matawi na mawe. Matawi ni afadhali kuliko bure, lakini mawe wanayaacha katikati ya njia wakiisha kutengeneza, na usiku mwenye pikipiki anayakuta.

Neno la baridi sasa. Shofere wa kamiyo anayelala njiani mwezi wa Juni, ao kwenye mstari wa Kasumbalesa, anaweza kuingiza mbabula ndani ya kabini na kufunga vioo. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksidi. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, hainuki tena. Kulala na moteri inawaka na vioo vimefungwa kuna hatari ileile. Ndiyo maana blanketi liko ndani ya sanduku: mbili kama mko wawili. Ukimkuta mwenzako amelegea hivyo, fungua milango yote, mtoe nje kwenye hewa, na kama hapumui anza kumpulizia na kubonyeza kifua huku mwingine anatafuta motokari ya kumpeleka hospitali. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe.