MUTOTO AKISHIKWA NA DEGEDEGE

Mama, ndani ya bongo ya mutoto kuna milango midogo sana ya kupitisha chumvi. Milango hii ni protini, na jeni moja, jina lake SCN1A, inaagiza namna ya kuitengeneza. Jeni hiyo ikiwa na kosa, seli zinazotuliza bongo zinakosa nguvu. Homa ikipanda, mutoto anashikwa na degedege ndefu, tena na tena.

Si ulozi! Mara nyingi kosa hilo halikutoka kwa baba wala kwa mama.

Ufanye nini? Umulaze kwa ubavu. Usitie kitu kinywani, hata kijiko. Umulete hospitali mbio, muganga apime damu: huenda ni malaria, na malaria haingoje kesho.